Kuishi na Lupasi Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye ameambiwa majuzi kwamba ana lupasi, na kwa jamaa wanaomsindikiza kliniki. Maswali yenyewe ni yale tunayoulizwa kila wiki, na mengi huulizwa mgonjwa akiwa ameshika kitasa cha mlango, tayari kuondoka, kwa sababu ndipo ujasiri wa kuuliza humjia. Majibu hayachukui nafasi ya daktari anayekujua na anayeyasoma majibu ya vipimo vyako, lakini yatakusaidia kumwuliza mambo yanayofaa.

Lupasi ni ugonjwa wa namna gani?

Ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Kinga ambayo ingepaswa kupambana na vijidudu huanza kuushambulia mwili wenyewe, na kwa kuwa damu hufika kila mahali, madhara yanaweza kutokea popote: kwenye ngozi, maungio ya mifupa, figo, utando unaozunguka moyo na mapafu, chembe za damu, hata ubongo. Ndiyo maana wagonjwa wawili wa lupasi waliokaa kwenye benchi moja wanaweza kuwa na masimulizi yasiyofanana hata kidogo. Mmoja amevimba vidole na kuota vipele mashavuni, mwingine hana kipele hata kimoja lakini figo zake zimeguswa.

Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa kati ya umri wa miaka 15 na 44. Wanaume na watoto pia huugua. Kwa watoto ugonjwa huwa mkali zaidi na hugusa figo mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wazima, hivyo mtoto mwenye lupasi hastahili kusubiri foleni ndefu ya rufaa.

Nyumbani wanasema nimerogwa, wengine wanasema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko. Je, nimeambukizwa au nimerithi?

Hujaambukizwa na huwezi kumwambukiza mtu. Unaweza kula sahani moja na watoto wako, kulala kitanda kimoja na mwenzi wako na kumbeba mjukuu bila wasiwasi wowote.

Kuhusu kurithi, jibu ni kwamba mtu hurithi uwezekano, harithi ugonjwa wenyewe. Hata kwa mapacha wanaofanana kabisa, mara nyingi mmoja huugua na mwingine asiugue. Vinasaba, homoni, mwanga wa jua, maambukizi fulani na baadhi ya dawa hukutana kwa namna ambayo haikutegemea tabia yako. Hakuna mwiko uliouvunja wala kosa ulilolitenda. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu tumewaona akina mama waliotumia miezi kadhaa wakizungushwa kwenye matambiko huku figo zao zikiendelea kuharibika. Familia ikitaka kuomba, na iombe, ila safari ya kliniki isiahirishwe.

Kwa nini nilitibiwa malaria na homa ya matumbo kwa muda mrefu kabla ya ugonjwa kujulikana?

Kwa sababu dalili za mwanzo za lupasi, yaani homa, uchovu, maumivu ya maungio, kukonda na upungufu wa damu, ni dalili za magonjwa mengi yaliyo ya kawaida zaidi katika eneo hili. Mhudumu wa zahanati ya Siaya au Busia anayemwona mtu mwenye homa atafikiria malaria kwanza, na hana kosa. Akiona maumivu ya mifupa kwa kijana, atafikiria selimundu, ugonjwa ambao kanda ya Ziwa inaujua vizuri. Kifua kikuu na virusi vya UKIMWI navyo lazima viondolewe kwenye orodha. Tatizo huanza pale matibabu yale yale yanaporudiwa mara ya tatu na ya nne bila mtu kuuliza kwa nini hayasaidii.

Kuna jambo jingine linalochelewesha utambuzi. Picha nyingi za vitabuni huonyesha wekundu wa umbo la kipepeo juu ya pua na mashavu ya mtu mweupe. Kwenye ngozi nyeusi alama hiyo aghalabu huonekana kama weusi uliokolea, zambarau au kahawia, na hudhaniwa kuwa ni mzio wa sabuni au chunusi. Aina nyingine ya vipele huacha makovu yenye rangi iliyofifia katikati na ukingo mweusi, na ikitokea kichwani nywele zilizokatika hazirudi.

Kipimo cha damu kiitwacho ANA huonyesha kingamwili zinazoulenga mwili, na karibu wagonjwa wote wa lupasi huwa nazo. Lakini si kila aliye nazo ana lupasi, kwani watu wengi wenye afya njema hupatikana na kiwango kidogo. Daktari huunganisha majibu ya ANA na vipimo vingine, dalili, hesabu ya chembe za damu na mkojo kabla ya kutamka jina la ugonjwa. Ukipewa jina hilo kwa karatasi moja tu ya maabara, una haki ya kuomba maelezo zaidi.

Nitaishi miaka mingapi?

Hili ndilo swali ambalo watu hulizunguka. Katika miaka ya 1950, wakati dawa za kotisoni zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kutumika, karibu nusu ya waliogunduliwa kuwa na lupasi walifariki ndani ya miaka 5 hivi. Leo, katika nchi zenye huduma kamili, takriban 9 kati ya 10 huwa hai miaka 10 baada ya kugunduliwa, na wengi wao huendelea hadi uzeeni. Lupasi haina dawa ya kuiponya kabisa, ila inaweza kutulia kwa miaka mingi kiasi kwamba mtu husahau kuwa anaumwa.

Takwimu hizo hazikutoka Kondele wala Molo, nasi hatuwezi kuzihamisha hivi hivi. Mgonjwa wa hapa huchelewa kugunduliwa, hukosa dawa mwezi huu na kuipata mwezi ujao, na wakati mwingine humwona daktari wa figo mara moja kwa mwaka. Hata hivyo, mengi yanayopunguza umri wa mgonjwa wa lupasi yanajulikana na mengi yanaweza kuzuiwa. Katika miaka ya mwanzo hatari kubwa ni ugonjwa wenyewe ukiwa mkali, hasa kwenye figo na ubongo, pamoja na maambukizi yanayompata mtu ambaye kinga yake imeshushwa na dawa. Miaka inavyosonga, hatari huhamia kwenye moyo na mishipa ya damu, kwa sababu uvimbe wa muda mrefu, presha na matumizi ya muda mrefu ya prednisoloni, dawa ya jamii ya kotisoni, huichakaza mishipa mapema.

Kwa maoni yangu, baada ya miaka ya kuwahudumia wagonjwa hawa, hatima ya wengi huamuliwa katika miezi ile iliyotulia, mtu anapojisikia mzima na kuona hakuna haja ya kumeza kidonge wala kupeleka mkojo maabara. Anayeendelea kufanya hivyo wakati hana maumivu yoyote ndiye anayegunduliwa tatizo likiwa bado dogo.

Mbona kila ninapokuja mnaomba mkojo, na tatizo langu ni vidole?

Kwa sababu figo hazilii. Karibu mtu 4 kati ya 10 wenye lupasi hupata uvimbe wa figo wakati fulani, wengi katika miaka ya kwanza, na wengi wao hawahisi maumivu yoyote mgongoni wala wakati wa kukojoa. Kufikia wakati uso na miguu vinavimba, ugonjwa umekuwa ukifanya kazi yake kwa wiki au miezi.

Mimi hupenda kumwonyesha mgonjwa kijiti cha kupimia mkojo badala ya kumwambia tu majibu. Kile kimraba cha protini huwa cha manjano. Kikichovywa kwenye mkojo usio na protini hubaki manjano. Protini ikiwepo hugeuka kijani, na kadiri inavyozidi ndivyo kijani kinavyokolea na kukaribia buluu. Mgonjwa akikiona kikibadilika mbele ya macho yake, ilhali asubuhi hiyo alipanda matatu bila shida, huelewa jambo ambalo maneno yangu yasingelifikisha. Nyumbani pia unaweza kuangalia: povu jingi linalokaa juu ya mkojo bila kutoweka, au mkojo wenye rangi ya chai nzito, ni sababu ya kuja bila kungoja tarehe uliyopewa.

Kwa wengi, mkojo, presha na damu ya kuangalia kazi ya figo hupimwa kila baada ya miezi 3 hivi, na mara nyingi zaidi ugonjwa ukiwa umechachamaa. Presha inapaswa kuwa chini ya 130/80. Protini ikionekana tena na tena, daktari anaweza kupendekeza kuchukua kipande kidogo sana cha figo kwa sindano ili kijulikane ni aina gani ya uvimbe. Wengi huliogopa jambo hili, lakini ndilo linaloamua kama utapewa dawa kali au nyepesi, na kwa muda gani. Matibabu ya figo si ya mwezi mmoja. Hutumika dawa kama maikofenoleti au siklofosfamidi, kisha dawa ya kuendeleza utulivu kwa angalau miaka 3.

Na figo zikishindwa kabisa, maisha hayajaisha. Usafishaji wa damu unapatikana Kisumu, Nakuru, Eldoret na Kakamega, na kupandikizwa figo kunawezekana kwa mgonjwa wa lupasi iliyotulia. Ni nadra ugonjwa kurudi na kuiharibu figo mpya.

Haidroksiklorokwini si dawa ya malaria? Kwa nini niimeze kila siku, na je, itanipofusha?

Ilianza kama dawa ya malaria, kisha ikagunduliwa kuwa inatuliza lupasi. Hupunguza idadi ya mara ambazo ugonjwa huchachamaa, hulinda figo, hupunguza kuganda kwa damu, na wanaoitumia kwa uaminifu huishi muda mrefu zaidi. Karibu kila mgonjwa wa lupasi anapaswa kuwa nayo isipokuwa kama kuna sababu maalumu ya kumzuia. Haifanyi kazi kwa haraka. Huchukua wiki 6 hadi 12 au zaidi, na wengi huiacha katika wiki ya nne wakidhani haina faida.

Usidhani pia kwamba inakukinga na malaria ya hapa. Vimelea vya eneo hili viliizoea klorokwini zamani, na Kenya iliacha kuitegemea mwaka 1998. Chandarua kinabaki palepale.

Hofu ya macho ina msingi, lakini imekuzwa. Kipimo kinachoshauriwa hakizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mtu wa kilo 60, kwa mfano, hahitaji zaidi ya miligramu 300, na kwa kuwa kidonge kina miligramu 200, daktari anaweza kumwambia ameze 1 leo na 2 kesho. Kwa kipimo hicho, walioathirika machoni ndani ya miaka 10 ya kwanza ni chini ya 2 kati ya 100. Hatari huongezeka baada ya hapo, na huongezeka mapema kwa mwenye figo dhaifu. Fanyiwa uchunguzi wa macho katika mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka kuanzia mwaka wa tano, au mapema zaidi kama figo zako zimeguswa. Uchunguzi huo hugundua mabadiliko kabla hujaanza kuona vibaya.

Prednisoloni imenivimbisha uso. Naweza kuiacha?

Usiiache ghafla kwa hali yoyote. Ukiitumia kwa wiki kadhaa, tezi zako hupunguza kutengeneza homoni ya mwili inayofanana nayo, na kuikatisha kwa siku moja kunaweza kukuangusha kwa presha ya chini, kutapika na hata kukuua. Hupunguzwa hatua kwa hatua. Ukitapika kiasi cha kushindwa kuimeza, nenda hospitalini siku hiyohiyo ukawaambie kuwa unaitumia.

Lakini malalamiko yako ni ya haki, na daktari anapaswa kuyasikiliza. Prednisoloni huokoa maisha ugonjwa ukiwa mkali, kisha huanza kudai malipo: sukari hupanda, mifupa hudhoofika, mtoto wa jicho huingia mapema, presha hupanda, maambukizi huongezeka. Lengo la sasa ni kuishusha hadi miligramu 5 au chini kwa siku, na ikiwezekana kuiondoa. Mgonjwa ambaye amebaki kwenye miligramu 20 kwa mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyeipitia upya karatasi yake ana haki ya kuuliza: "Daktari, mpango wetu wa kuishusha ni upi, na kuna dawa gani ya kunisaidia kufika huko?"

Nikipata homa, nitajuaje kama ni malaria au ni lupasi?

Hutajua ukiwa nyumbani, na hilo ndilo jibu muhimu. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtu anayetumia dawa za kushusha kinga inahitaji kuonwa siku hiyohiyo. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, kifua kikuu, au lupasi yenyewe ikiamka. Prednisoloni pia huficha homa, kwa hiyo kujisikia vibaya sana bila joto kali hakumaanishi kwamba hakuna hatari.

Anayeishi Ahero, Bondo au Busia lazima apimwe malaria kwa damu. Anayeishi Nakuru mjini, ambako malaria ni chache, anapaswa kusema kama alisafiri kwenda kanda ya Ziwa, kwa mfano kwenye mazishi au likizo ya Desemba, kwa kuwa mhudumu wa Nakuru anaweza asifikirie kumpima. Na kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, usiishie hapo: mtu anaweza kuwa na malaria na lupasi iliyochachamaa kwa wakati mmoja, na homa isipoisha baada ya dozi kamili unapaswa kurudi. Mwambie anayekutibu kwamba unatumia haidroksiklorokwini, kwa sababu baadhi ya dawa za malaria nazo hugusa mapigo ya moyo.

Kikohozi cha wiki 2, kutokwa na jasho usiku na kukonda ni sababu ya kupima kifua kikuu, hata kama ulipimwa mwaka jana. Mkanda wa jeshi pia huwapata wagonjwa hawa mara nyingi zaidi, na ukitibiwa ndani ya siku 3 za mwanzo hupungua makali.

Kuhusu chanjo, zile za mafua ya msimu na nimonia zinafaa. Chanjo zenye vijidudu hai, kama ya homa ya manjano au ya surua, huepukwa kwa wanaotumia dawa kali za kushusha kinga. Ukitakiwa chanjo ya homa ya manjano kwa ajili ya safari, zungumza na daktari wako kabla ya kuichoma.

Ngozi yangu ni nyeusi. Je, jua linanihusu?

Linakuhusu. Weusi wa ngozi hukinga kiasi, lakini mwanga wa jua unaweza kuamsha vipele na pia kuamsha ugonjwa ndani ya mwili siku chache baadaye. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na Nakuru, ingawa kuna baridi ya asubuhi, iko juu zaidi, na kadiri unavyopanda ndivyo miale inavyokuwa mikali. Hali ya hewa ya mawingu isikudanganye.

Hatuwezi kumwambia mkulima wa mpunga wa Kano au muuza mboga wa Kibuye akae ndani. Anachoweza kufanya ni kuhamisha kazi ya shambani hadi kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni, kuvaa mikono mirefu ya kitambaa kilichoshonana na kofia ya ukingo mpana, na kuweka mwavuli au turubai juu ya meza yake. Krimu ya kuzuia jua yenye nguvu ya SPF 30 au zaidi husaidia sana, hasa usoni na masikioni, lakini ni ghali. Kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, anza na kofia na nguo. Abiria wa bodaboda husahau kwamba nusu saa barabarani adhuhuri ni nusu saa ya jua.

Jambo moja linatusikitisha sana: wasichana wanaopaka krimu za kung'arisha ngozi ili kufuta weusi ulioachwa na vipele. Baadhi yake zina zebaki, ambayo yenyewe huharibu figo, na nyingine zina steroidi kali zinazochubua ngozi. Usizipake.

Ni dawa gani za dukani niepuke?

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huuzwa kila kona, tena sindano ya diklofenaki hutolewa kana kwamba ni maji. Kwa mtu mwenye figo zilizoguswa ni hatari. Paracetamoli ndiyo salama zaidi kwa maumivu ya kawaida. Septrin na dawa nyingine zenye salfa zinaweza kuichachamaza lupasi, kwa hiyo mwambie mhudumu kabla hajakuandikia. Andika jina la ugonjwa na dawa zako kwenye karatasi ndogo, uiweke nyuma ya kitambulisho chako. Siku utakayoletwa hospitalini huwezi kusema, karatasi hiyo itasema.

Kuhusu mitishamba, hatukudharau wala hatuwezi kukupa ruhusa. Dawa za kuchemsha ambazo hazijulikani kipimo zimewaharibu watu ini na figo, na zile zinazosifiwa kwa "kuongeza kinga" ndizo zisizomfaa mtu ambaye kinga yake tayari inamshambulia. Kama umekunywa, tuambie. Hakuna atakayekugombeza.

Kuna chakula maalumu?

Hakuna chakula kinachoponya lupasi wala kinachokatazwa kwa wote, isipokuwa mbegu zilizochipuza za alfalfa na virutubisho vyake, vinavyoweza kuamsha ugonjwa. Punguza chumvi kama una presha au figo zimeguswa. Anayetumia prednisoloni anahitaji kalisi kwa ajili ya mifupa, na omena wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mboga za kienyeji humpatia bila gharama kubwa. Sigara iachwe kabisa. Huharibu mishipa na hupunguza nguvu ya haidroksiklorokwini kwenye ngozi.

Je, ninaweza kuzaa?

Wengi huzaa watoto wenye afya. Kinachotofautisha mimba salama na mimba ya hatari ni wakati ilipoingia. Ugonjwa ukiwa umetulia kwa angalau miezi 6, figo zikiwa sawa na dawa zikiwa zimebadilishwa mapema, nafasi ni nzuri. Mimba ikiingia ugonjwa ukiwa umechachamaa, hatari ya kuharibika, kuzaa kabla ya wakati na kifafa cha mimba huongezeka.

Kwa hiyo zungumza kabla. Maikofenoleti husababisha kasoro kwa mtoto na lazima iachwe angalau wiki 6 kabla ya kushika mimba. Siklofosfamidi nayo haifai, na baadhi ya dawa za presha hubadilishwa. Azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga, inaweza kutumika, na haidroksiklorokwini inapaswa kuendelea mimba yote na wakati wa kunyonyesha. Tunalirudia hili kwa sababu akina mama wengi huambiwa na jirani waache dawa zote mara wapatapo mimba, na ugonjwa huwaamkia mwezi wa tano. Aspirini ya kipimo kidogo huanzishwa kuanzia wiki ya 12 ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba.

Damu ipimwe kingamwili za aina mbili. Za kwanza ni zile zinazosababisha damu kuganda, ambazo huweza kueleza kwa nini mama amepoteza mimba mara tatu huku ukoo ukimlaumu. Zikipatikana, sindano za heparini pamoja na aspirini huwasaidia wengi kufikisha mimba. Za pili huitwa anti-Ro, ambazo kwa mtoto 1 hadi 2 kati ya 100 huathiri mapigo ya moyo akiwa tumboni, hivyo mtoto huyo hufuatiliwa kwa picha za moyo.

Kwa anayepanga uzazi, vidonge na njia nyingine zenye homoni ya estrojeni haziwafai wenye ugonjwa mkali au kingamwili za kugandisha damu. Koili na kijiti cha mkononi huwafaa wengi.

Nimechoka kila siku, na kazini wanadhani mimi ni mvivu.

Uchovu wa lupasi ni wa kweli na hauonekani kwa macho. Kwanza tutafute sababu zinazotibika: upungufu wa damu, tezi ya shingo, usingizi uliovurugwa na prednisoloni, msongo wa mawazo. Huzuni ya muda mrefu huwapata wagonjwa wengi nayo ina matibabu. Mazoezi mepesi ya kutembea, ajabu ya mambo, hupunguza uchovu kuliko kulala mchana kutwa. Kisheria, Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Mwalimu anaweza kuomba vipindi vyake vipangwe mbali na gwaride la adhuhuri uwanjani. Mara nyingi mwajiri aliyeelezwa vizuri hukubali.

Nitatibiwa wapi, na nani atalipa?

Madaktari bingwa wa magonjwa haya ni wachache nchini na wengi wako Nairobi. Hata hivyo, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani anaweza kukufuatilia vizuri katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wenyeji wengi bado huiita Russia, katika hospitali ya rufaa ya Nakuru, ile ya Kakamega, au Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret. Mpango mzuri ni kuonwa na bingwa mara chache kwa mwaka na kupimwa presha na mkojo karibu na nyumbani. Beba daftari moja lenye majibu yote, kwani hospitali hazisomani rekodi.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya umma iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Jisajili na ulipe ukiwa mzima, kwani kulazwa na usafishaji wa damu hutegemea mchango ulio hai. Dawa za kila mwezi wagonjwa wengi bado huzinunua mfukoni. Pesa zikipungua, usigawe dozi kimyakimya. Mwambie daktari akueleze ni ipi isiyoweza kukosekana.

Ni dalili zipi zisizongoja siku ya kliniki?

Njoo siku hiyohiyo ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, uvimbe mpya wa uso au miguu, mkojo uliopungua au wenye damu, maumivu ya kifua unapovuta pumzi, au mguu mmoja uliovimba na kuuma. Degedege, kuchanganyikiwa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida yako, na kukosa pumzi ni mambo ya kukimbizwa hospitalini usiku huohuo, hata kama gari litalazimika kukodiwa kijijini. Ukifika mapokezi, neno la kwanza liwe "nina lupasi na natumia dawa za kushusha kinga", kisha utoe ile karatasi ya dawa.